Mji Wenye Ghorofa

Ramani ya Edinburgh inadanganya kwa jambo moja tu, ila ni jambo kubwa: haionyeshi juu na chini. Unaona barabara mbili zimekatana, unajisemea ukifika hapo utakunja kushoto. Ukifika unakuta moja imepita juu ya nyingine kama daraja, watu wako chini kabisa, na kinachounganisha huku na kule ni ngazi za mawe zilizobanwa kati ya kuta mbili. Mwenye miguu yake atashuka, atalalamika kidogo, atasahau. Mwenye skuta ya umeme atatafuta njia ya kuzunguka, na huenda ikamgharimu robo ya betri.

Sababu iko chini ya ardhi. Miaka milioni 350 hivi iliyopita palikuwa na volkano hapo, na mwamba mgumu uliobaki katika koo lake ndio uliobeba ngome ya Edinburgh leo. Baadaye barafu nene ikapita juu ya nchi ikitoka magharibi kwenda mashariki. Iliposhindwa kuuvunja ule mwamba iligawanyika pande mbili, ikachimba bonde kaskazini na jingine kusini, ikaacha nyuma yake mgongo wa ardhi unaoteremka taratibu kuelekea mashariki. Juu ya mgongo huo watu wakajenga mji wao wa kale. Mtaa wake mkuu, Royal Mile, unaanzia lango la ngome na kushuka hadi kasri la Holyrood. Vichochoro vinachomoza kulia na kushoto, na karibu vyote vinatumbukia bondeni kwa ngazi.

Halafu wakaja wajenzi wa karne ya 18 na ya 19, wakachoka kupanda na kushuka. Bonde la kaskazini lilikuwa ziwa lililojaa uchafu, wakalikausha. Leo ni bustani na reli. Mwaka 1767 walipitisha ramani ya kijana James Craig kwa ajili ya mji mpya ng'ambo ya bonde, mitaa imenyooka kama mistari ya daftari. Na wakaunganisha vilima kwa madaraja: North Bridge upande wa kaskazini, South Bridge mwaka 1788, kisha George IV Bridge katika miaka ya 1830. South Bridge ina matao 19, lakini kwa macho unaliona moja tu, lile linaloruka mtaa wa Cowgate. Mengine yamefunikwa na majengo pande zote mbili, kiasi kwamba unapita juu ya daraja huku ukiangalia vioo vya maduka, hujui kama uko hewani.

Wasafiri wengi huyaona madaraja hayo kama mapambo. Kwetu yalikuwa mji wenyewe. Mwenye magurudumu akishajua kwamba Edinburgh ina ghorofa, na kwamba madaraja ndiyo korido za ghorofa ya juu, nusu ya kazi imekwisha. Unapanda mara moja, ukishapanda hushuki ovyo.

Baba Neema, mume wangu, alipata kiharusi miaka kadhaa nyuma. Mguu wa kushoto unamsikiliza kwa hatua chache, baada ya hapo unagoma. Tangu tulipohama Tanga na kukaa Leicester tulikuwa na kitimwendo cha kusukuma, na msukumaji nilikuwa mimi. Wanaosukuma wenzao watanielewa nikisema kwamba anayesukuma ndiye anayeamua. Nikitaka kuangalia viatu, tunaangalia viatu. Yeye akitaka kusoma kibao ukutani, lazima aombe, na mtu mzima akiomba ruhusa ya kutazama kitu mara kumi kwa siku, mara ya kumi na moja ananyamaza. Aliponyamaza sana ndipo tukanunua skuta.

Skuta yetu ni ile ndogo inayoruhusiwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, mwendo wake haupiti kilomita 6.4 kwa saa. Sheria ya Uingereza inaitambua na nyingine kubwa zaidi, ya barabarani, inayofika kilomita 12.8 kwa saa na ambayo ni lazima isajiliwe. Kwenye usukani kuna kitufe cha kuzungusha chenye picha mbili, kobe upande mmoja na sungura upande wa pili. Sisi tuliokuzwa na hadithi za hao wawili tunajua nani alifika mwanzo. Baba Neema naye anajua, ila kidole chake hakitoki kwa sungura.

Mashine hizi zina tabia zake, na milima ya Edinburgh inazifichua zote. Ukiachia wenzo wa mwendo, breki ya umeme inajifunga yenyewe. Hicho ndicho kinachomlinda mtu kwenye mteremko. Lakini nyuma, karibu na mota, kuna wenzo mwingine wa kuiachia skuta ili isukumwe kwa mkono. Ukiwa umeachiwa mlimani, breki hiyo haipo, na skuta yenye mtu inakuwa mkokoteni. Ukipanda, inama mbele. Ukikuta ukingo wa njia, uende nao uso kwa uso, usiuchukue kwa ubavu, maana gurudumu moja likishapanda na jingine likabaki chini, ndipo watu wanapoanguka. Na mlimani taa za betri zinashuka toka kijani hadi njano kabla hujamaliza kusimulia ulichokiona.

Tulifika kwa treni. Msaada wa kupanda na kushuka huwa unaombwa mapema, na vipimo vya skuta hutajwa siku hiyo hiyo ya kuomba, kwa sababu kila kampuni ya treni, basi na tramu ina masharti yake ya urefu, upana na uzito. Mhudumu alikuwa ameshasimama kwenye jukwaa na ubao wake wa kuteremkia. Stesheni ya Waverley, iliyopewa jina la riwaya za Walter Scott, iko ndani ya lile bonde lililokaushwa, kwa hiyo msafiri anaingia Edinburgh akiwa kwenye sakafu ya chini kabisa. Upande mmoja kuna mji mpya, upande wa pili mji wa kale, yote miwili iko juu ya kichwa chako. Zipo lifti. Tulipanda ya upande wa Princes Street, mlango ukafunguka, na hapo ndipo mume wangu alipoiona ngome kwa mara ya kwanza, iko juu ya jabali lake kana kwamba imeota.

Princes Street ni zawadi kwa mwenye skuta. Ni tambarare, njia ya miguu ni pana, na maduka yamejengwa upande mmoja tu. Upande wa pili ni bustani na ile ngome. Hapo kuna mnara wa Scott, mita 61 za mawe yaliyopigwa weusi na moshi wa zamani, wenye ngazi 287. Tuliutazama tukiwa chini, tukauacha.

Hatua chache kutoka hapo amesimama David Livingstone wa shaba, kazi ya mchongaji Amelia Hill. Anayepita Edinburgh akitoka upande wetu wa dunia hawezi kumpita bila kusimama, kwa wema au kwa ubaya. Kwenye sanamu anasimama wima, ana Biblia mkononi, miguu imara. Nilimkumbusha Baba Neema jinsi mzee huyo alivyomaliza safari zake. Wiki zake za mwisho, mwaka 1873, hakuweza hata kukaa juu ya punda. Wenzake walimbeba kwa machela wakivuka tope hadi kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, na hapo akafa. Baadaye wawili wao, Chuma na Susi, pamoja na wenzao wakaukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Safari yote hiyo ni mabega ya watu, na hakuna hata bega moja kwenye sanamu.

"Machela nayo ina dereva wake," Baba Neema akasema. "Au aliamua yeye waende wapi?"

Kwa mujibu wa walioandika habari zake, aliamua yeye mpaka karibu na mwisho. Baba Neema alionekana kuridhika na jibu hilo, akazungusha kitufe, tukaondoka.

Kupanda mji wa kale kutoka hapo kuna njia mbili kuu. Moja ni The Mound, kilima cha udongo uliochimbwa wakati wa kujenga misingi ya mji mpya na kumwagwa bondeni mpaka ukawa barabara. Inapendeza kwa macho lakini imesimama. Ya pili ni North Bridge, ambayo inapanda kwa adabu. Tulichukua daraja. Chini yetu vioo vya paa la stesheni, treni zikiingia na kutoka, na upepo wa Bahari ya Kaskazini ukitaka kuondoka na kofia ya mtu. Ukimaliza daraja na kipande kifupi cha mlima unatokea katikati ya Royal Mile, na hapo matatizo yanaanza.

Royal Mile imetandikwa mawe. Ni mawe ya mraba yaliyochongwa na kupangwa safu kwa safu, migongo imelainishwa na karne za viatu na magurudumu, na kati ya jiwe na jiwe kuna mfereji wa upana wa kidole. Kwa kiatu ni raha. Gurudumu la mbele la skuta ndogo halizidi sahani ya chai, na kila mfereji linaukumbuka. Usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake, kikapu kikapiga kelele, chupa ya dawa za presha ndani ya mkoba ikawa kayamba. Aliongea nami na sauti ikatoka imekatwakatwa, ikabidi tucheke. Tukarudi kwenye njia ya miguu, ambayo imetandikwa mabamba laini, tukaenda nayo mpaka ilipokwisha kwa kivuko, tukavumilia mawe, tukapanda tena. Mwendo wa dakika kumi ulitula zaidi ya nusu saa, na hapo ni kabla ya watalii, wapiga zumari na foleni za picha.

Mji wenyewe unajua udhaifu wake, na haukukaa kimya. Mwaka 2018 baraza la jiji lilipiga marufuku yale mabango ya maduka yanayosimamishwa katikati ya njia. Mwisho wa Januari 2024 Edinburgh ikawa ya kwanza Uskoti kutekeleza katazo la kuegesha gari juu ya njia ya miguu, au mbele ya ukingo uliolazwa kwa ajili ya kuvukia. Faini ni pauni 100, nusu yake ukilipa mapema. Wanaoendesha magari walinung'unika. Mimi naona ni sheria yenye akili kuliko nyingi zinazosifiwa, kwa sababu gari moja lililopanda njia kwa dakika mbili, dereva ameingia kununua maziwa, linamrudisha mtu wa skuta nyumbani. Hawezi kulizunguka kwa kushuka barabarani. Ukingo uliolazwa uko mita mia nyuma yake.

Ngome tuliihofia bure. Ndani ni mlima wa mawe, hilo hawafichi, ila wana gari dogo la kuwapandisha wasioweza kutembea hadi uwanja wa juu, na anayemsindikiza mlemavu hatozwi bei ya tiketi. Chumba cha taji la wafalme wa Uskoti kina lifti. Kanisa dogo la Mtakatifu Margaret, la karne ya 12, jengo kongwe kuliko yote mjini, lilikuwa juu ya mawe mabaya zaidi, nikaenda peke yangu. Yeye alitaka mzinga wa saa saba mchana. Unapigwa kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, tangu mwaka 1861. Ulianzishwa kwa ajili ya mabaharia: kabla yake palikuwa na mpira ulioshushwa juu ya mnara wa Nelson saa hiyo hiyo, ili meli zilizotia nanga Leith zirekebishe saa zao, lakini ukungu wa bahari ukishuka nani ataona mpira? Baba Neema amefanya kazi bandari ya Tanga ujana wake wote. Alisimama kwa ajili ya mlio ule, ameshika ukuta, na ulipolia wote wakaruka isipokuwa yeye.

Siku iliyofuata tulishika George IV Bridge, ambayo ni tambarare kama meza, hadi Jumba la Makumbusho la Taifa, mtaa wa Chambers Street. Zamani mlango wake ulikuwa juu ya ngazi ndefu za mawe. Walipolikarabati jengo na kulifungua upya mwaka 2011, waliingiza mlango usawa wa barabara kupitia maghala ya chini, na wote wanapita hapo, mwenye skuta na mwenye mbio. Hicho ndicho kilichonifurahisha kuliko vilivyomo ndani. Mahali pengi mlemavu anapewa mlango wake wa pembeni, karibu na mapipa ya taka, na kengele ya kumwita mtu mwenye ufunguo. Kuingia ni bure. Yupo Dolly, kondoo aliyezaliwa mwaka 1996 kwa kunakiliwa kutoka chembe ya kondoo mzima, amekaushwa, anatazama watu kwa macho yake ya kioo. Lifti inapanda hadi paani, na toka pale unaona ngome, ghuba ya Forth na vilima vya ng'ambo. Skuta yetu ilifika paani. Hapo ndipo mahali pekee katika mji ule ambapo Baba Neema alikuwa juu kuliko watu wote bila kubebwa.

Kutoka makumbusho hadi George Square ni mwendo mfupi usio na mlima wa kutisha. Ni uwanja wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwalimu kutoka Tabora, Julius Nyerere, alisoma katika chuo hicho kuanzia mwaka 1949, akaondoka mwaka 1952 na shahada yake ya M.A. Miaka miwili baadaye alikuwa rais wa TANU. Nyumba nyingi za zamani za uwanja huo zilibomolewa katika miaka ya 1960 kupisha majengo marefu ya chuo, na Nyerere angerudi leo angetafuta baadhi ya pembe asizione. Tulizunguka bustani ya katikati. Baba Neema alisoma shule ya msingi enzi za Mwalimu, akaimba nyimbo zote na kulima bustani zote za shule. Aliniuliza jambo moja tu: mtu wa Butiama alivaa nini humu Januari?

Njaa ilitukuta hapo karibu. Mkahawa wa kwanza ulikuwa na ngazi moja mlangoni. Moja. Kijana wa ndani alitoka, akasikitika kwa dhati, akasema jengo linalindwa na sheria ya majengo ya kale. Inawezekana. Lakini nyuma yetu kulikuwa na ngome ya miaka mamia iliyopata gari na lifti, na huku jiwe moja la urefu wa kiganja limeshindikana; ubao wa kuwekea na kuondoa, wa bei ya sahani chache za keki, usingeligusa jengo hata kwa ukucha. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inataka watoa huduma wafanye marekebisho yanayofaa, na neno hilo "yanayofaa" linanyooshwa kila upande. Tulikula kwa jirani yake, asiye na ngazi, mwenye supu nene ya samaki aliyekaushwa kwa moshi, na choo kikubwa kinachofunguliwa kwa ufunguo wa Radar, ufunguo mmoja unaofungua vyoo vya walemavu nchi nzima. Asiye nao asisafiri.

Leith, bandari ya Edinburgh, tulienda kwa kushuka Leith Walk. Tramu inafika huko tangu Juni 2023, ila barabara yenyewe ilitengenezwa upya ilipojengwa reli yake, na Baba Neema alitaka kushuka kwa sungura. Ni mteremko mrefu wa pole, maduka ya Wapolandi, ya Wapakistani, vinyozi, misikiti na baa vimechanganyika, na hakuna anayekutazama. Betri haikushuka hata taa moja. Nilikimbia kidogo, nikaacha. Alinisubiri kwenye taa za barabarani akijifanya anasoma tangazo.

Huko imefungwa Britannia, meli iliyoibeba familia ya kifalme ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 40. Iliteremshwa majini mwaka 1953, ikastaafishwa mwaka 1997. Deki zake zote zinafikika kwa lifti na miteremko. Humo ndani tulichukua kitimwendo cha kuazima, kwa sababu korido za meli ni korido za meli, na mara moja nikawa dereva tena. Chumba cha kulala cha Malkia, kidogo kuliko nilivyodhani, kitanda cha mtu mmoja. Ukumbi wa chakula. Nilisukuma kwa mwendo wangu wa zamani bila kufikiri.

"Rudi nyuma," akasema. "Sijamaliza."

Nilirudi. Tulipofika kwenye chumba cha injini, mabomba meupe na shaba iliyosuguliwa mpaka inatoa uso wa mtu, sikusubiri kuambiwa, nilipunguza mwendo. Hakuniamini. Alishusha mikono yote miwili pembeni, akazifunga breki za magurudumu, moja kwanza halafu ya pili, akaegemea kioo. Watu wa nyuma wakaanza kujipanga. Akaanza kunieleza mvuke unavyoingia kwenye tabo na kutoka, na kwa nini injini safi namna ile haijawahi kuonekana Tanga, na nilipomwambia watu wanasubiri alinijibu kwamba kuna nafasi ya kupita upande wa kulia. Ilikuwepo. Wakapita. Nikamwacha hapo, nikapanda lifti kwenda kunywa chai.